Urafiki na Jini katika Adili na Nduguze

Miongoni mwa vitabu vya Shaaban Robert, Adili na Nduguze ndicho kipendwacho upesi na wanafunzi na kutiliwa shaka upesi na wazazi wao. Kilichapishwa mwaka 1952, na tangu hapo kimepita katika mikono ya vizazi vingi vya wasomaji wa Kiswahili. Shaka yenyewe ni moja tu: mna majini ndani yake. Hapa Nakaloke, ambapo Waislamu na Wakristo wanakaa jirani na watoto wao huketi dawati moja, malalamiko hutoka pande zote mbili. Mzazi mmoja atakuambia kuwa majini hayafanyiwi mchezo. Mwingine atakuambia kuwa jini ni shetani kwa jina jingine. Nao wanafunzi, wakiulizwa katika mtihani Huria ni nani, huandika kuwa ni shetani aliyewageuza nduguze Adili kuwa manyani.

Jibu hilo lina kosa la msamiati na kosa la usomaji, na kwa maoni yangu la pili ndilo kubwa. Katika hadithi hii Huria ni rafiki. Linalofaa kuulizwa darasani ni kwamba yeye ni rafiki wa namna gani, na kama urafiki wake wamfaa Adili.

Kwa ndugu mwalimu aliyekisoma kitabu zamani, kisa kwa ufupi ni hiki. Adili, liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai, ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, ambao majina yao yatosha kueleza mwenendo wao. Kabla ya kuwa liwali, akiwa safarini, Adili anamwokoa Huria, binti wa mfalme wa majini, aliyekuwa katika umbo lisilo lake na karibu kuuawa. Baadaye, kwa ajili ya Mwelekevu, msichana aliyepatikana katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, ndugu hao wanamtosa Adili baharini. Huria anamwokoa, anawageuza ndugu manyani, na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Asipowapiga, adhabu itamshukia yeye mwenyewe. Adili anatii. Hupiga, kisha hulia, hufuta machozi ya manyani na kuwalisha. Mjumbe wa Rai anaigundua siri hiyo, na ndipo mambo yote yanaposimuliwa mbele ya mfalme.

Waliosoma Alfu Lela Ulela watamtambua mara moja Abdallah bin Fadhili, liwali wa Basra, aliyeitwa na Harun al-Rashid aeleze kwa nini anawapiga mbwa wawili. Kufanana huko si aibu kwa Shaaban Robert. Hadithi za pwani zimesafiri na majahazi karne nyingi, na mwandishi mzuri hupimwa kwa alichokibadili. Hapa amebadili mambo mawili yenye uzito. La kwanza ni mnyama. Mbwa hubweka na kujikunyata, lakini nyani ana uso na mikono, na machozi yake yakifutwa msomaji anaona mtu. Sijui sehemu nyingine katika kitabu hiki inayopita hapo kwa nguvu: liwali mwenye cheo, usiku wa manane, mjeledi umewekwa chini, akimbembeleza nyani ambaye ni nduguye. La pili ni mwisho. Katika kisa cha Kiarabu ndugu wanarudishwa kuwa watu, wanarudia uovu, na hadithi inaishia katika mauaji na hukumu. Shaaban Robert hakutaka damu. Rai anawaombea kwa mfalme wa majini, wanarudi katika umbo lao, na jamaa wanapatana. Wahakiki wanaomlaumu kuwa anahubiri mno wana haki yao, maana majina ya wahusika hubeba mafunzo hata kabla wahusika wenyewe hawajasema neno. Lakini mabadiliko hayo mawili si mahubiri, ni kazi ya msanii.

Huria, basi, sikumwona kabadilishwa vya kutosha. Ametendewa wema, naye analipa. Lakini malipo yake ni amri. Anaamua peke yake ni adhabu gani inayowafaa ndugu wa Adili, anaweka zamu ya kipigo kila usiku, na kumfanya aliyedhulumiwa kuwa mpigaji. Adili hapewi nafasi ya kusema kwamba angependa kusamehe. Tena ajabu ni kwamba kinachomwokoa kutoka katika kazi hiyo ni ombi la mfalme kwa mfalme. Machozi yake mwenyewe, yaliyomwagika usiku baada ya usiku, hayakumfikia rafiki yake. Rafiki wa namna hiyo yu karibu sana na mtawala. Huu ndio udhaifu wa kitabu ninaoutaja kwa wanafunzi, na ni udhaifu unaozungumzika, tofauti na lile la ‘kuna majini’ ambalo hufunga kitabu kabla hakijafunguliwa.

Wanafunzi wa leo wana kipimo kingine cha urafiki wa aina hii, nao ndio walionielekeza kwake. Katika simu zao hutazama katuni za Kijapani, na mmojawapo ni mfululizo uitwao Natsume Yuujinchou, yaani Daftari la Marafiki la Natsume, uliotokana na hadithi za picha za Yuki Midorikawa na kuanza kuonyeshwa katika televisheni mwaka 2008. Mhusika mkuu, Natsume Takashi, ni yatima aliyezungushwa kwa jamaa mmoja baada ya mwingine kwa kuwa anaona viumbe ambao wengine hawawaoni, akadhaniwa mwongo. Bibi yake, Reiko, alikuwa na uwezo ule ule, na upweke ule ule. Aliwashinda viumbe hao katika mashindano na kuandika majina yao katika daftari. Ambaye jina lake limo humo hana budi kumtii mwenye daftari. Natsume amelirithi, na badala ya kuwatumikisha anawarudishia majina yao, mmoja mmoja. Kila arudishapo, anaona kumbukumbu za kiumbe huyo juu ya bibi yake, na ndivyo anavyomjua bibi ambaye hakupata kuishi naye.

Sisemi kuwa kazi hiyo yashinda ya Shaaban Robert. Vipindi vyake vingine hurudia jambo lile lile kwa polepole mno, na kuna huzuni tamu inayokaribia kuwa mazoea. Hata mlinzi wake, Madara, anayejificha katika umbo la paka mnene na kupenda ulevi, mara nyingi yupo kwa ajili ya kuchekesha. Lakini Madara huyo anakumbusha methali yetu, zimwi likujualo halikuli likakwisha: amekubali kumlinda kijana kwa ahadi kwamba akifa atalirithi daftari, na kila jina linaporudishwa urithi wake unapungua, naye hulalamika na kubaki. Urafiki unajengwa kwa kupunguza mamlaka. Katika Adili na Nduguze mamlaka ya Huria hayapungui hata kidogo. Mwanafunzi mmoja alisema darasani, bila kufundishwa, kwamba Huria angekuwa rafiki kama angalau mara moja angemwuliza Adili anataka nini. Sijasoma uhakiki mfupi uliogusa mahali panapostahili kuliko huo.

Na jambo la majina halipaswi kuwashangaza watu wa upande wetu wa Uganda. Jinja palikuwa na maporomoko ya Mto Naili yaliyoitwa Bujagali, na kwa Wasoga jina hilo ni la msambwa, Budhagali, kabla ya kuwa jina la maji. Bwawa la umeme lilipokusudiwa, ziliandaliwa ibada za kumwomba radhi na kumhamisha. Wakazuka wabishi kati ya waganga wenyewe, wengine wakisema msambwa hahamishiki kama mzigo, maana hakai mahali pale, yeye ndiye mahali pale. Ujenzi ulianza mwaka 2007, mtambo wa megawati 250 ukazinduliwa mwaka 2012, na maporomoko yakazama. Jina likabaki kwenye mtambo. Mwanafunzi wa Jinja aliyekwisha kusikia habari hiyo kwa babu yake haoni ugumu wowote kuelewa kwa nini kiumbe aombe jina lake lirudishwe.

Hapo ndipo msamiati unapoingia, na naomba walimu wenzangu tuwe waangalifu. Kiswahili kina jini, pepo, mzimu, zimwi na shetani, na hakuna hata moja lililo sawa na jingine. Mzimu ni wa aliyekufa, na mahali pake pa kutambikia. Jini ameumbwa jini. Katika mafundisho ya Kiislamu wako walio wema na walio waovu, kama wanadamu. Zimwi ni la ngano, na njaa ndiyo tabia yake. Shetani ni neno la hukumu, nasi tumelizoeza kuyameza mengine yote. Tukitafsiri viumbe wa Natsume kwa ‘mashetani’, hadithi imekufa katika neno la kwanza. Mimi nimewaacha wanafunzi watumie msambwa, neno linaloeleweka kwa Msoga, na kwa Mgisu pia, ambaye humtaja kumusambwa anapoeleza nguvu inayomshika kijana kabla ya tohara ya imbalu. Si neno geni katika Kiswahili. Harakati ya Elijah Masinde upande wa pili wa Mlima Elgon, iliyopigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948, ilijulikana kwa Kiswahili kama Dini ya Msambwa. Kwa Huria, lakini, jini ni jini. Shaaban Robert alilichagua neno hilo akijua maana yake, na tukimwita msambwa tumemnyang’anya bahari yake na vitabu vyake.

Tangu mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini umefanya Kiswahili kuwa cha lazima katika miaka miwili ya kwanza, na wengi wa wanafunzi watakaokutana na kitabu hiki hawana bibi wa Tanga wa kuwasimulia. Watakutana na majini kwa mara ya kwanza katika ukurasa wa Shaaban Robert, wakiwa na katuni katika simu na habari za Budhagali au imbalu nyumbani. Zoezi ninalowapa ni barua: Adili anamwandikia Huria asubuhi moja baada ya kipigo, kabla mjumbe wa Rai hajafika. Wengi huandika shukrani. Wachache huandika ombi, na mwaka jana mmoja aliandika barua nzima ya kumwuliza Huria kama yeye naye ana ndugu.