Mkeka Kabla ya Kamba: Kuisoma Tena Nguzo Mama

Wanafasihi wenzangu, tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) imehakikiwa sana, na karibu kila insha ya semina huishia pale pale: wanawake wa Patata wameshindwa kuisimamisha nguzo kwa sababu hawana umoja. Nami niliandika hivyo mwaka wa kwanza, nikapewa alama nzuri tu. Leo nasema nilikosea.

Hebu tuangalie majina. Mwandishi amewaita wahusika wake Bi Moja, Bi Pili, mpaka Bi Nane. Wahakiki husema kila mmoja anawakilisha kundi la wanawake. Sawa, sikatai. Lakini namba ndiyo tunayopewa pia kwenye foleni ya kliniki. Mwenye namba huulizwa uzito wa mtoto na chanjo. Haulizwi kama yeye mwenyewe analala. Wanawake wa Patata wanaitwa kuvuta kamba kabla mtu hajawaketisha na kumsikiliza kila mmoja amebeba nini kutoka kwake. Itaachaje kuwaponyoka? Tena kuna kejeli: mwenye jina la wazimu humo ni Chizi. Mzigo wa akili walio nao akina mama wenyewe haukupewa jina.

Haya siyatoi vitabuni tu. Dada yangu alipojifungua, nyumba ilijaa watu. Walimkanda, wakampikia mtori, wakamwogesha mtoto. Arobaini ilipokwisha, wakatawanyika kama watu wa harusi. Dada akawa halali, anakaa akitazama ukuta. Mtu akamwambia eti bia inaleta maziwa. Ikawa moja, zikawa nyingi, na habari ya maziwa ikasahaulika. Sisi nyumbani tukamwita mlevi, na mimi msomi wa fasihi nikiwamo. Aliyemfaa ni jirani mmoja, mama wa makamo ambaye naye aliwahi kunywa hivyo hivyo akiwa na mtoto mchanga. Alikuja kila jioni na ungo wa mchele, wakachambua. Hakumhubiria hata mara moja. Zilipita kama wiki tatu ndipo dada akasema, na ni jirani huyo huyo aliyemsindikiza hospitali.

Kumbe wenzetu wamelifanyia kazi jambo hili. Huko Harare, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, wakiketi na wenye shida kwenye mabenchi ya nje ya zahanati. Hatua ya kwanza wanaiita kwa Kishona kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita walioketi na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Cape Town nako, shirika la Philani huchagua akina mama wa mitaa ile ile ya kimaskini ambao watoto wao wamekua vizuri, huwafundisha, nao huzunguka nyumba kwa nyumba, wakizungumzia hata pombe wakati wa mimba.

Najua nitapingwa: Muhando anazungumzia ukombozi na mfumo mzima unaomkandamiza mwanamke, wewe unatuletea ungo wa mchele! Pingamizi hili lina uzito. Mkeka haulipi kodi ya nyumba, wala haumzuii mume anayepiga. Ila tusisahau kwamba Muhando huyo huyo, pamoja na Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, alikwenda Malya, Mwanza, mwaka 1982-83, kwenye sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Kule wanakijiji walizungumza kwanza matatizo yao, ikiwamo mimba za wasichana wa shule, ndipo mchezo ukatengenezwa. Kwa maoni yangu, Malya inaijibu Patata kuliko insha zetu zote.

Basi siku tutakapoiigiza tena Nguzo Mama, namwomba mwongozaji atandike mkeka jukwaani, na kamba ikae nyuma ya pazia mpaka Bi Nane naye awe amesema ya kwake.