Enanga kwa Dakika Saba

Si nia yangu katika kurasa hizi kuipiga vita elimu ya watu wazima, wala kuwakatisha tamaa wanaojitahidi kuwapa wasanii wetu na vijana wa utalii ujuzi wa kazi zao. Nimekula chumvi nyingi katika kazi ya ualimu, na sijapata kumwona mtu asiyehitaji kufundishwa jambo. Lakini semina nayo ni kazi ya mikono ya watu, kama ilivyo ngoma au hadithi. Ina mwanzo, kati na mwisho. Ina wachezaji na ina watazamaji. Kwa nini basi isihakikiwe? Tamasha likifanyika, magazeti hulisifu au hulikosoa. Semina iliyomwandaa msanii kwa ajili ya tamasha hilo haihakikiwi na mtu, isipokuwa yule aliyeigharimia, naye huisoma katika taarifa yenye picha za watu walioshika vyeti.

Semina ninayotaka kuihakiki ilifanyika wilayani kwetu kwa muda wa siku tatu. Walioiandaa sitawataja, maana ubaya wao si wao peke yao, na wema wao, ambao nitausema, wengi hawana. Walialikwa watu wa aina mbili: wasanii wa jadi, yaani wapiga enanga, wacheza ngoma na akina mama wasusi, pamoja na vijana wanaotaka kazi ya kuongoza watalii. Mimi niliitwa kutoka Mabira niwe mkalimani. Wazee wetu Kiswahili wanakijua, lakini jambo likiwa zito hurudi kwenye Kinyambo.

Msomaji asiyetoka huku yafaa aelewe kwa nini semina ya namna hii si anasa kwetu. Mabira ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Sisi ni watu wa migomba na kahawa. Mto Kagera unatutenga na Rwanda upande mmoja na Uganda upande mwingine. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya huku yalipandishwa hadhi yakawa Hifadhi za Taifa: Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na mwaka huo huo Burigi-Chato. Hizo mbili za kwanza ni ndogo, kila moja haifikii kilometa za mraba 300, wakati Serengeti ina zaidi ya 14,000. Mtalii aliyevuka bahari kumtafuta simba hatakuja Ibanda kwa ajili ya simba. Atakuja, kama atakuja, kwa sababu hapa palikuwa na ufalme wa Karagwe na makao yake ya Bweranyange. Kwa sababu kuna chemchemi ya maji moto ya Mtagata, ambayo Stanley aliifikia mwaka 1876. Na kwa sababu kuna watu wanaoweza kumweleza habari hizo zikaeleweka. Kwa maneno mengine, mzee mwenye enanga na kijana mwenye ulimi mwepesi ndio simba wetu.

Sasa tazama walivyopangwa. Vijana wa utalii waliwekwa chumba kimoja, wasanii chumba kingine. Kwa siku tatu watu hao hawakukutana ila kwenye chai. Mgawanyo huo ulifuata bajeti, nadhani, maana utalii ulikuwa na mfadhili wake na utamaduni wa kwake. Lakini hapo ndipo semina nzima ilipopotea njia kabla haijatoka nyumbani.

Kwa vijana nilikaa asubuhi ya kwanza. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye adabu na sauti nzuri, na bango kitita lake lilikuwa na mwandiko wa kupendeza. Aliwafundisha kusimama, kutabasamu, kuhesabu wageni kabla ya safari na baada ya safari, kubeba maji na sanduku la huduma ya kwanza. Mambo ya maana kabisa. Kisha akaandika kwa herufi kubwa kwamba mteja ni mfalme, akawataka waseme kwa pamoja mara tatu. Nikajiuliza kimoyomoyo: hivi huyu anajua yuko nchi gani? Speke alipofika Karagwe Novemba 1861, mfalme alikuwa mwenyeji. Mgeni alikaa kwa Rumanyika mpaka Januari 1862, akisubiri ruhusa ya kuingia Buganda kwa Mutesa, na hakuwa na la kufanya ila kusubiri. Mwenzake Grant, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, akabaki nyuma katika ulinzi wa mwenye nchi. Hifadhi yetu moja ina jina la Rumanyika huyo. Kijana anayefundishwa kwamba mgeni ndiye mfalme ataisimuliaje habari hiyo?

Jibu nililipata mchana, vijana walipogawiwa karatasi za historia. Ukurasa mzima juu ya Karagwe ulikuwa umetoka kwa Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, na kisa kilichopewa nafasi kubwa ni kile cha yeye kumpima kwa kamba mwanamke mnene wa jamaa ya mfalme. Kisa hicho kimo kitabuni kweli. Lakini kati ya yote yanayoweza kusemwa juu ya ufalme uliokuwa na wahunzi wake, uliohifadhi ng'ombe wa chuma miongoni mwa vitu vya enzi, uliosimama kwenye njia ya biashara ya kwenda Buganda, je, la kumpa kijana wa Kinyambo akawachekeshee wageni ni unene wa bibi yake? Silaumu kutumia vitabu vya wageni. Mara nyingine ndivyo pekee vilivyoandikwa wakati huo. Ninacholaumu ni kuwa katika chumba cha pili, hatua ishirini kutoka hapo, walikaa wazee watano ambao wangeweza kulijaza bango kitita hilo mpaka karatasi ziishe, na hakuna aliyekwenda kuwaita.

Wazee hao walikuwa wakifundishwa kupiga enanga.

Ndiyo, msomaji, sikukosea kuandika. Ratiba ilisema "Nanga: Mbinu za Jukwaani", na mgeni mmoja kutoka Pwani aliuliza kama ni nanga ya meli. Tulicheka, na mimi nikamweleza: enanga ni chombo cha ubao uliochongwa kama mwiko mpana au mtumbwi mdogo, na uzi mmoja hupitishwa juu yake huku na huku mpaka ukawa nyuzi kadhaa. Mpigaji huketi, huimba na kusimulia. Humo ndimo zimo habari za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja, ambazo majirani zetu Wahaya wanazo kwa wingi na ambazo Profesa Mulokozi alizifanyia utafiti mrefu.

Mwezeshaji wa chumba hicho alimtaka mzee mmoja aonyeshe. Mzee akaanza kukaza uzi, akaujaribu, akaukaza tena, akanung'unika wimbo bila maneno. Dakika nne zikapita. Mwezeshaji akatazama saa. Kwa upole akaniambia nimwambie mzee kwamba matayarisho hufanywa nyuma ya pazia. Kwamba jukwaani ana dakika saba. Kwamba asimame ili aonekane. Na kwamba awatazame wageni machoni, asitazame chombo.

Niliyatafsiri yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Katika hizo dakika saba, ninaowapigia wataitika saa ngapi?"

Hapa nataka kukaa kidogo, maana katika swali hilo ndimo ulimo uhakiki wote, nami sikuongeza kitu. Enanga haina watazamaji kwa maana ya watu waliolipa kiingilio wakanyamaza. Ina wasikilizaji wanaoitika, wanaomkatiza mpigaji kwa sifa na kwa maswali, wanaompa rubisi koo likikauka. Kule kukaza uzi ndiko kunakoifanya nyumba inyamaze. Anatazama chombo kwa sababu anayoyasema hayasemi kwa jina lake mwenyewe. Ni ya watu waliokwisha kufa, na kuwakodolea macho wageni wakati huo ni utovu wa heshima. Yote yaliyoitwa makosa ya jukwaani yalikuwa sanaa yenyewe. Ukiyaondoa, kinachobaki ni mzee aliyesimama vibaya na ubao mkononi.

Nitaambiwa kwamba mgeni hana usiku mzima. Najua. Gari lake linaondoka saa kumi. Lakini kufupisha ni jambo moja na kukata ni jingine. Kule Kampala, kikundi cha Ndere, kilichoanzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984, kimekuwa kikiwaonyesha wageni ngoma za makabila mengi, na kati ya ngoma na ngoma husimama mtu akaeleza kwa ucheshi ngoma ile ni ya nini na nani huicheza. Mgeni hupata kipande, lakini huambiwa kwamba ni kipande. Anayeweza kufanya kazi hiyo kwetu ni nani, kama si yule kijana wa chumba cha kwanza? Angekaa kando ya mzee, aitike kwa niaba ya wageni, awafundishe wageni neno moja la kuitikia, kisha awaeleze shujaa amefika wapi. Dakika kumi na tano zingetosha, na mzee angeketi kama alivyozoea. Kwa hiyo ukuta kati ya vyumba viwili uliwanyima vijana somo la historia, na ukawanyima wazee mkalimani wa sanaa yao.

Wala si kwamba Tanzania haijapata kufanya vizuri zaidi. Hukwe Zawose, Mgogo, hakupelekwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo akafundishwe zeze na ilimba. Alikuwa miongoni mwa waliofundisha huko. Chuo hicho kilianzishwa 1981, na tangu 2007 ni TaSUBa. Zawose alifariki mwaka 2003, baada ya kuzunguka dunia, na jamaa zake wakaendelea kupiga. Alipewa nafasi ya mwalimu kwa sababu alijua, basi. Zanzibar nako, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, kiliwaweka wajuzi wa taarabu na vijana katika darasa moja. Inawezekana, na si mawazo ya kizungu wala ya kizamani.

Bagamoyo lakini ni mbali mno na Mabira. Ni siku mbili za basi, na kijana akitoka huko na stashahada anarudi na ngoma za nchi nzima mwilini, ila ya nyumbani kwao pengine hanayo. Hata Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye tawi Mwanza, si mahali pa kumpeleka mtoto wa mkulima mwenye migomba nusu eka. Ndiyo maana semina ya siku tatu wilayani ina uzito kuliko ukubwa wake. Kwa wengi wetu hicho ndicho chuo chote.

Niliahidi kusema wema. Siku ya tatu alikuja mwanamke mmoja mwanasheria, akazungumza saa mbili juu ya mikataba na hakimiliki. Hakuwa na bango kitita. Alieleza kwamba sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Kwamba mgeni akirekodi kwa ajili ya kuuza, lazima kuwe na makubaliano. Kwamba bei itajwe kabla ya ngoma, si baada yake, kwa kuwa baada yake huitwa bakshishi. Alipofika hapo chumba kizima kiliamka. Akina mama wasusi waliuliza maswali mpaka chakula kikapoa. Mzee wa enanga, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa amekaa kimya kama mgeni msibani, alitaka kujua kama simu ya mtalii nayo ni kurekodi. Huyu mwanasheria alifundisha kitu ambacho wazee hawakuwa nacho, na hakujaribu kuwafundisha walichokuwa nacho. Laiti angepewa siku zote tatu.

Vyeti vilitolewa jioni. Kila aliyetia sahihi karatasi ya mahudhurio alipata, na jina la kila mmoja lilisomwa kwa makofi. Mzee naye alipewa chake, kikisema kwamba amehitimu mafunzo ya awali ya upigaji nanga. Mafunzo ya awali! Alikikunja mara nne akakitia mfuko wa koti pamoja na posho, akaniuliza kama kwa kuhitimu huko sasa anaruhusiwa kuketi.

Kijana mmoja wa chumba cha kwanza, jirani yangu hapa Mabira, aliyasikia hayo akacheka, kisha hakucheka tena. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mzee na dumu la rubisi, akamwita tata, akaomba aruhusiwe kukaa akisikiliza. Sasa huenda jioni mbili kwa wiki. Daftari lake la semina, lenye Speke na kamba yake kwenye kurasa za mbele, linajazwa kuanzia nyuma. Mzee hamruhusu kurekodi kwa simu mpaka atakapoweza kukaza uzi mwenyewe, na mpaka ninapoandika haya uzi umekwisha kumkatikia mara mbili.