Watu wa Jiwe Wasio na Midomo

Mezani kwetu Nyaramba kuna sanamu ya jiwe la sabuni inayoenea kiganjani. Ni watu watano wamesimama kwenye duara, mikono mabegani mwa wenzao. Kusema kweli si watu, ni nguzo tano nyembamba na matufe matano juu yake. Hakuna jicho, hakuna pua, hakuna mdomo. Hata hivyo wageni wakiiona huuliza: "Kwani hawa wanaongea nini?"

Jiwe lenyewe lilitoka Tabaka, upande wa pili wa mji wa Kisii, ambako familia nzima huishi kwa kuchimba, kuchonga na kusugua kwa msasa na maji. Sanamu za aina hii zimejaa katika maduka ya watalii, ndiyo maana wengi wetu tunazipita tu. Vitu vya wazungu, tunasema, halafu tunaenda zetu. Mimi pia nilisema hivyo.

Siku hizi nimebadili msimamo, lakini nusu tu. Ukiigeuza utaona kwamba duara lote ni jiwe moja. Mchongaji hakuwaunganisha watu watano. Alianza na bonge, akatoboa. Wanahusiana kwa sababu ya kile kilichoondolewa. Angetoboa kidogo, wangebaki donge. Angezidisha, mkono ungevunjika. Watu wanahitaji mwanya ndipo waongee, na mwanya huo una kipimo. Hotuba nyingi nilizosikia kuhusu maelewano hazijafika hapo.

Nusu ya pili ndiyo inayonikwaza. Watano hawa wana urefu mmoja, unene mmoja, na chini yao kuna karatasi iliyoandikwa "Umoja". Hapo jiometri inatudanganya. Ni kikao gani cha nyumbani chenye matufe matano yaliyo sawa? Wazee wetu wakiketi kuzungumzia mpaka wa shamba la chai, yupo anayesema sana, yupo aliyenyamaza kwa hasira, na yupo mama jikoni anayesikia yote wala hajaulizwa. Duara kamili linawafuta hao. Linatuonyesha watu waliokwisha kubaliana, na watu kama hao wana nini tena cha kuambiana?

Si kwamba uchongaji wa Tabaka hauwezi kubeba jambo zito. Elkana Ong'esa ametoka huko huko, na ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Ndege ni mmoja, wala hahitaji wenzake wanne wanaofanana naye ili tuamini habari aliyoileta.

Najua nitaambiwa soko linataka hivyo. Mnunuzi anaagiza dazeni, zote ziwe sawa, na mchongaji ana watoto wa kulisha. Ni kweli. Basi lawama nyingi ni zetu sisi tunaonunua. Lakini mkono ulioweza kupima mwanya ule bila kuvunja jiwe unaweza pia kumfupisha mmoja, kumgeuza mwingine atazame nje, na bado ukaacha mabega yameshikwa.

Hiyo ningeinunua bila kuomba nipunguziwe. Ningeiweka pale mezani siku wazee watakaporudi kumaliza maneno ya shamba.