Anaanzia Kwenye Tairi

Jumamosi ya kwanza mzee hakugusa spana. Alilizunguka basi mara mbili, akapiga magoti kwenye tairi la nyuma, akavaa miwani, akasoma maandishi ya ubavuni na kuyanakili kwenye daftari: 11R22.5. Kisha akatambaa uvunguni hadi kwenye difu, akasugua kibati kwa kitambaa chenye dizeli, akaniita nimmulikie. 4.88. Wenye basi, mume na mke wa Kimarekani, walikuwa wamesimama upande wa boneti wakingoja aseme wanunue injini gani. Boneti yenyewe hajaifungua.

Lilikuwa basi la shule la miaka ya 1990, bado la njano, viti vimeng'olewa, injini imekufa. Mabasi haya yakistaafu huuzwa mnadani, na Marekani wapo watu wengi wanaoyageuza nyumba: kitanda nyuma, jiko katikati, matangi ya maji sakafuni, paneli za jua juu ya paa. Bodi hudumu. Shida huja kwenye injini na giaboksi, kwa kuwa vilichaguliwa na mtu aliyefikiria watoto na vituo vya kila baada ya mita mia tatu, si familia inayotaka kupanda milima kutwa nzima.

Mzee ni wa Tanga. Ufundi aliupata Dar es Salaam, katika karakana ya UDA, shirika la mabasi ya jiji, enzi za mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, ambayo injini yake ililazwa ubavu chini ya sakafu, katikati ya basi. Anasema injini ile ilimtia adabu, maana hukuweza kufikia kitu chochote bila kwanza kukaa chini na kuwaza utaingilia wapi. Sasa yuko Ohio, mwaka wa ishirini na kitu, na bado anakaa chini kwanza.

"Mwanangu," aliniambia akijipangusa magoti, "injini ni jibu. Swali liko huku nyuma."

Akanionyesha daftari. Tairi la namba ile huzunguka mara 311 hivi kwa kila kilomita. Ukienda kilomita 100 kwa saa, ni mizunguko 518 kwa dakika. Difu ya 4.88 maana yake propela shafti izunguke mara 4.88 ili tairi lizunguke mara moja, kwa hiyo shafti inakwenda kwenye 2,528. Giaboksi iliyokuwemo, Allison AT545, gia yake ya juu kabisa ni moja kwa moja. Basi injini nayo ilikuwa ikilia kwenye mizunguko 2,500 na zaidi, saa baada ya saa. Ilikuwa Cummins ya lita 5.9, silinda sita, injini ambayo nguvu yake ya kuvuta iko chini zaidi, jirani na 1,600. "Hawakuiua wao," mzee alisema. "Waliikuta inakimbizwa."

Na kuna jambo la konveta. Katika giaboksi ya otomatiki injini na gia hazishikani kwa klachi; kati yao kuna mapanga mawili yanayotazamana ndani ya oili, moja likiisukuma oili na jingine likisukumwa nayo. Kila mara la pili hubaki nyuma kidogo ya la kwanza, na kile kinachopotea hapo hugeuka joto. Giaboksi kubwa zina kifungio kinachoyabana mapanga yote mawili yakawa kitu kimoja basi likishachanganya. AT545 haina. Mlimani oili yake huiva, na oili ikiiva giaboksi haina siku nyingi.

Mzee aliwauliza wale wawili mnaelekea wapi. Wakataja Colorado na tuneli ya Eisenhower, ambako barabara kuu ya I-70 inafika mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hakusema kitu. Aliwatuma wakalipime basi kwenye mizani ya malori, matangi yamejaa, vyombo vyote vimo, na wao wenyewe wamekaa ndani. Walirudi wiki iliyofuata na karatasi, naye akaisoma kama daktari anavyosoma cheti cha maabara, polepole, midomo ikicheza.

Ikabaki kuchagua. Njia ya kwanza: Allison MT643, giaboksi ya gia nne yenye kifungio na isiyotaka kompyuta, lakini gia yake ya juu nayo ni moja kwa moja, kwa hiyo lazima difu ibadilishwe iwe kama 4.10. Mizunguko ingeshuka hadi 2,120 hivi. Njia ya pili: Allison MD3060, gia sita, ya tano ikiwa 0.75 na ya sita 0.65, difu ibaki ileile. Kwenye ya tano injini ingekwenda 1,896. Mimi ningeshachagua hapo hapo. Yeye alirudi kwenye gia ya kwanza, ambayo wengi huisahau kwa kuwa hakuna anayesafiri nayo. Ya MD3060 ni 3.49; mara 4.88, unapata 17. Ya MT643 ni 3.58, mara 4.10, haifiki 15. Tofauti hiyo huioni barabarani. Utaiona siku basi limesimama kwenye mwinuko, tope chini, matangi yamejaa, na linatakiwa kuondoka.

Kwa hiyo MD3060, pamoja na kompyuta yake na kihisio cha kuieleza kompyuta hiyo mguu umekanyaga mafuta kiasi gani, maana injini ya zamani haina umeme wa kuyasema hayo. Gia ya sita angeifungia kwenye programu. Kwenye 1,640, alisema, injini ile itatembea tambarare vizuri, ila kilima kidogo tu kitaifanya gia ipande na kushuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Uani kwake lipo basi jingine, si la wateja. Ni GM PD-4106, aina iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1965, la bati la alumini lenye mikunjo. Nyuma yake imekaa Detroit Diesel 8V71 kwa kukingama, na shafti inatoka kwa pembe kuelekea difu. Hizo ni injini za mipigo miwili: hewa husukumwa na blowa kupitia matundu ya ubavuni mwa slivu, moshi hutokea juu kwenye valvu, na kila pistoni ikishuka ni kazi. Zilivyoundwa, kiwanda kiliweza kuzifunga zizunguke kulia au kushoto, na mpangilio wa basi lile unataka ya kushoto. Ukiokota 8V71 nzuri ya lori ukaifunga humo bila kuuliza, utakuwa na basi lenye gia moja ya kwenda mbele na nne za kurudi kinyumenyume. Mzee husimulia hilo akicheka, lakini huligusa lile basi kila apitapo. Chini yake pana doa la oili. Wenye Detroit husema ukiona haivuji, kaangalie kama oili imo.

Injini ya lile basi la njano waliipata umbali wa saa tatu, 5.9 ileile ya valvu 12 na pampu ya kimekanika, kutoka basi la shule lililogongwa nyuma. Alichagua aina ileile kwa sababu mauntingi, rejeta na mabomba yote yanaijua tayari. Kabla muuzaji hajaiwasha, mzee aliweka kiganja kwenye bloku akakiacha hapo muda mrefu kidogo. Nilidhani anaisalimia. Alikuwa anahakikisha ni ya baridi, kwani injini iliyopashwa moto kabla ya mteja kufika huficha uvivu wake wa asubuhi. Ilipowaka alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza juu chini na kukiacha kimelala juu ya tundu. Kilitetemeka, hakikuruka. Upepo unaopita kwenye ringi ulikuwa mdogo.

Kisha akauliza juu ya pini. Ndani ya nyumba ya gia za mbele za injini hizi mna kipini cha chuma kisichozidi kidole, ambacho miaka ikipita huweza kujisogeza, kikachomoka na kuanguka kati ya gia. Tiba yake ni kibati kidogo cha kukizuia. Muuzaji hakujua. Mzee aliandika: pini, kabla ya kuwasha tena.

Jumamosi mbili nzima zilikwenda kwenye pembe za propela shafti. Giaboksi mpya ni ndefu, shafti ilibidi ikatwe na kupimwa mizani upya, kisha pembe ya mbele na ya nyuma zilingane, la sivyo basi litatetemeka kwa kasi moja tu na kukunyima usingizi. Alikuwa akipima, anaongeza kibati chembamba chini ya mguu wa giaboksi, anapima tena. Nilimletea chai mara nne. Ya tatu aliinywa ikiwa baridi.

Tulilijaribu asubuhi moja ya Jumapili. Mume aliendesha, mke akasoma kasi kwenye simu, mzee alikaa nyuma yao juu ya ndoo ya rangi, kisomeo cha mizunguko magotini. Gia ya tatu, ya nne. Kifungio kilipobana sauti ilibadilika, ikawa nzito na tulivu. Ya tano. Mke akasema mia kamili.

Kisomeo kilionyesha 1,925. Mzee alitazama daftari, ilipoandikwa 1,896, akaangalia dirishani kitambo.

"Tairi zimelika," akasema, akaiandika.