Kizingiti cha Kombi

Fundi hakuitazama rangi. Alipoingia uani kwetu Chumbageni, Tanga, asubuhi ile, mimi nilikuwa nimeamka na alfajiri kuifuta Kombi vumbi ili aikute inang'aa. Aliitikia shikamoo yangu, akaweka mkoba wake chini ya mkungu, akaenda moja kwa moja nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto na kupiga magoti. Akatoa bisibisi, akaishika kinyume, akaanza kugonga bati kwa mpini. Alisogea hivyo kidogo kidogo kuelekea nyuma, sikio karibu na bati, na aliponiona nataka kusema neno aliinua mkono ninyamaze. Kuna mahali bati lililia kama sufuria tupu. Kuna mahali liliguna tu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kila lilipoguna, alitia alama ya chaki.

Alipofika gurudumu la nyuma, upande wote wa chini ulikuwa umejaa chaki. Ndipo akaigeuza bisibisi, akaweka ncha yake juu ya alama mojawapo na kuisukuma kwa kidole gumba. Ilizama mpaka kwenye mpini.

"Mwanangu," akasema, "hapa ulikuwa unafuta rangi peke yake. Bati lilishaondoka."

Kombi yenyewe ni ya mwaka 1974, ile ya kioo kimoja kipana mbele. Ilikuwa ya marehemu baba mdogo. Imebeba maharusi wa ukoo huu kwenda Muheza na imebeba waombolezaji kwenda Pangani, na tangu alipofariki ilisimama pale chini ya mkungu, majani yakiiangukia kila kiangazi na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiuza. Injini haikunisumbua kuitengeneza. Ni injini ya kupozwa kwa hewa, nyepesi, na spea zake bado zinapatikana kwa mwenye subira. Bodi ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Gari hili lilianza kama mchoro tu. Mwaka 1947 mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, alichora kwenye daftari lake sanduku lenye magurudumu: dereva ameketi juu ya magurudumu ya mbele, injini iko nyuma, na mzigo wote umewekwa katikati. Kiwanda cha Wolfsburg kilianza kuyatengeneza magari haya Machi 1950, kazi ikahamia Hannover mwaka 1956, na umbo la kioo kimoja likaja mwaka 1967. Huko Brazil waliendelea kuyatengeneza mpaka Desemba 2013. Miaka yote hiyo wazo la ule mchoro halikubadilika, na humo ndimo linamotoka tatizo langu. Kama mzigo uko katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, basi ni lazima kitu kiubebe pale katikati pasipo na gurudumu. Chini ya sakafu kuna boriti mbili ndefu za chuma, kutoka kwenye boriti zile mikono mifupi inaenda kulia na kushoto, na mikono hiyo inaishia kwenye kizingiti, lile bamba refu linalopita chini ya milango. Vyote vimechomelewa vikawa kitu kimoja na bodi. Mtu akidhani kizingiti ni pambo la kukanyagia wakati wa kupanda, amekosea. Kizingiti kikiisha, gari linaanza kukunjika kama daftari. Kwanza mlango unagoma kufunga, nawe unalaumu bawaba.

Na kizingiti cha Kombi si bamba moja, ni matatu. Liko la nje unaloliona, liko la ndani linaloshikana na sakafu, na liko la katikati lililosimama baina yao, ambalo hakuna jicho lililoliona tangu siku lilipofungiwa kiwandani.

Wengi wetu tunaiona kutu kama uchafu uliotua juu ya chuma kutoka nje. Kutu ni chuma chenyewe, kimegeuka baada ya kukutana na maji na oksijeni. Alumini nayo hugeuka inapokutana na hewa, lakini ngozi yake mpya ni ngumu, inaifunika na kuilinda. Kutu haina fadhila hiyo. Ni ya ungaunga, haishikamani, inapukutika na kuacha chuma kingine wazi kiliwe nacho. Tena inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi huota malengelenge kabla ya kupasuka, na mabati mawili yaliyobanana husukumana mpaka yakaachana. Hapa pwani kuna chumvi pia. Kutu ni kazi ya umeme mdogo sana unaotembea ndani ya maji yaliyogusa chuma, na chumvi huyafanya maji yaupitishe umeme huo kwa wepesi. Upepo unaotoka ghuba ya Tanga jioni, ule tunaousubiri kwa hamu tukiwa barazani, huwa umebeba chumvi hiyo.

Kwenye Kombi maji yana njia zake. Yanaingia chini ya mpira wa kioo cha mbele. Yanakaa kwenye mfereji unaozunguka paa. Yanashuka kwenye matundu ya hewa ya ubavuni, yale yanayoipoza injini, na kujikusanya kwenye pembe za nyuma karibu na betri, ambako asidi imeshamaliza kinga yote. Gurudumu la mbele nalo linarusha tope kwenye mwanzo wa kizingiti, na tope likikauka halitoki. Linakaa mle kama dongo la kiambaza, likinywa unyevu kila mvua. Fundi alilitoa kwa mkono. Lilijaa karai.

Halafu akafika kwenye kazi ya waliomtangulia. Miaka ya nyuma baba mdogo aliipeleka Kombi gereji moja, akalipa, akarudishiwa gari lililonyooka na kupendeza. Fundi alipopitisha grenda pale, badala ya cheche lilitoka vumbi jeupe. Ilikuwa pati, nene kama kiganja, na nyuma ya pati waya wa wavu, na nyuma ya waya magazeti yaliyokunjwa yakashindiliwa ndani ya kizingiti ili pati ipate pa kuegemea. Funika kombe mwanaharamu apite. Pati yenyewe si kitu kibaya. Juu ya bati zima, ikipakwa nyembamba kufuta kikovu cha nyundo, ina kazi yake na fundi wetu anaitumia. Lakini pati hunyonya maji, na gazeti hunyonya zaidi. Waliokusudia kuziba tundu walikuwa wameifungia kutu na chakula chake. Nilikasirika kwa niaba ya marehemu. Fundi hakusema kitu juu yao. Alikusanya yale magazeti kwenye ndoo, akarudi kazini.

Nilitegemea aanze kukata. Hakukata kwa siku nzima. Kwanza tulitoa tangi la petroli, tukalipeleka mbali ng'ambo ya ukuta. Kisha akaliinua gari juu ya magogo, akavuta uzi kutoka mbele mpaka nyuma chini ya boriti, akaangalia kama kuna mahali uzi unaachana na chuma. Akachonga kabari ya mti, nyembamba, ndefu kama kidole cha kati, akaiingiza kwenye mwanya wa mlango, juu, kisha katikati, kisha chini, na kila ilipokwama aliweka mstari wa penseli kwenye kabari ile. Baada ya hapo alichomelea vipande vya bomba la mraba kwenye uwazi wa mlango, kimoja kimelala, kingine mshazari, ili gari lisijue kwamba kizingiti chake kimetolewa. Hayo maneno ni yake: "Lisijue."

Alipoanza kukata, alinitisha. Alikata kutu, halafu akaendelea kukata, akaingia kwenye bati ambalo kwa macho yangu lilikuwa zima kabisa, akasogea vidole viwili zaidi. Nikamuuliza kwa nini anatupa chuma kizuri. Akanikabidhi kipande, akaniambia nipitishe ukucha upande wa ndani. Upande wa ndani ulikuwa na vishimo vidogo kama uso wa ndui. Bati lile lilizaliwa na unene wa karibu milimita 1, na pale limebaki nusu. Ukilichomelea bamba jipya kwenye bati la namna hiyo, moto unalitoboa, na hata likishika, litaachia pembeni ya kiraka baada ya masika mawili. Nadhani hapa ndipo fundi anapoachana na mtu mwenye mashine tu: kujua kutu imeishia wapi, na kuwa na moyo wa kuvuka pale.

Mabamba mapya aliyakunja mwenyewe kutoka bati jeusi la geji 18. Nilikuwa na mabati ya kuezekea yaliyobaki tulipojenga banda, nikampa, akayakataa. Yale yana zinki, na zinki ikipata moto wa kuchomelea inatoa moshi mweupe unaomletea mtu homa na mtetemo usiku kucha. Vijana wengi wa kazi hii hunywa maziwa wakiamini yanawakinga. Yeye anasema kinga ni kukaa upande unakotoka upepo, na kutoichoma zinki pasipo lazima. Alikata vielelezo kwa maboksi, akavijaribu, akavipunguza kwa wembe, akavijaribu tena. Boksi lilipokaa mahali pake bila kushikwa na mkono, ndipo alipochora juu ya bati kwa msumari.

Anachomelea kwa gesi. Kabaidi inatiwa kwenye mtungi wenye maji, inatokota, na harufu inayotoka ni kama kitunguu saumu kilichooza. Jirani zetu walishaizoea. Aliwasha asetilini, ukatoka moto wa njano wenye masizi yaliyoelea mpaka kwenye kamba ya nguo, mama akalalamika, na fundi akaomba radhi, akafungua oksijeni. Moto ukajivuta, ukawa ulimi mfupi wa buluu, na ndani yake ncha nyeupe iliyochongoka kama penseli. Aliutazama, akaupunguza kidogo sana, akautazama tena. Oksijeni ikizidi, chuma kinaungua. Ikipungua, kinakuwa kigumu na kuvunjika.

Hakuchora mstari wa moto kutoka mwanzo mpaka mwisho kama nilivyofikiri. Alidunga nukta moja mwanzoni, akaenda kudunga nyingine mwishoni, kisha katikati, kisha robo. Kila nukta ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Chuma kilipiga wekundu, kikawa cha machungwa, kikalainika na kung'aa kama jicho lenye machozi, na sekunde hiyohiyo ncha ya waya ikagusa, ikayeyuka, moto ukaondoka. Akaweka kitambaa chenye maji pembeni ya nukta. Akasubiri. Bati jembamba likipata moto linataka kutanuka, halina pa kwenda, linavimba. Likipoa linajivuta na kubaki fupi kuliko lilivyokuwa, likavuta na jirani yake. Kwa hiyo baada ya kila nukta tatu nne alichukua kipande cha reli alichokisugua mpaka uso wake ukawa kama kioo, akakiweka nyuma ya bati, na kwa nyundo ndogo akagonga mbele, juu ya nukta zenyewe, kulirudishia bati urefu liliopoteza. Mapigo yale hayakuwa na nguvu. Nyundo ilianguka kwa uzito wake, ikaruka yenyewe, na yeye aliielekeza tu. Nilijaribu. Pigo langu la kwanza lilitengeneza bonde, na alitumia robo saa kulitoa bila kunilaumu.

Bamba la katikati lilimchukua siku tatu. Alisugua mishono yake kwa tupa mpaka ikalala, akaipiga brashi ya waya, akaipaka rangi nyekundu ya kinga mara mbili, akasubiri ikauke. Nikamwambia, kwa nia njema, kwamba pale patafunikwa kesho na hakuna atakayepaona.

"Maji yatapaona," akasema, akaendelea kusugua.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Marehemu babu alikuwa na jahazi, na nilipokuwa mdogo nilikaa ufukweni nikiwatazama makalafati wakishindilia pamba baina ya mbao, kisha wakipaka sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyotoka nguoni. Walifanya hivyohivyo, bila haraka, sehemu ambayo ingezama majini jioni ileile. Sijui kama fundi wetu aliwahi kufanya kazi ya majahazi, sikumuuliza. Lakini alipofunga bamba la nje alitoboa matundu madogo upande wa chini, ya kutolea maji, akayakagua yote kwa njiti ya kiberiti, kisha akapuliza ndani ya kizingiti mafuta ya grisi yaliyolainishwa, mpaka yakaanza kudondoka kupitia matundu yale. Alilaza boksi chini ayapokee, asiuchafue uwanja wa mama.

Ilipofika siku ya kutoa yale mabomba ya mraba mlangoni, nilisimama kando. Aliyakata, akasugua makovu, akaingia chini na kuyaondoa magogo moja moja. Gari likakaa juu ya magurudumu yake. Akachukua ile kabari kutoka kwenye mkoba, akaiingiza kwenye mwanya wa mlango, juu, katikati, chini. Ikakwama kwenye mistari ya penseli, yote mitatu. Akafungua mlango, akauachia. Ukajifunga kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba mdogo alipokuwa hai, sauti fupi, nzito, isiyo na mwangwi.

Nilitaka tunywe chai kwanza. Fundi alikuwa ameshazunguka upande wa kulia, amepiga magoti nyuma ya gurudumu, bisibisi kaishika kinyume. Akainua mkono ninyamaze.