Swichi Kiatuni, Spika Sikioni

Kompyuta ambayo wanahisabati Edward Thorp na Claude Shannon waliimalizia mwaka 1961, katika chumba cha chini cha nyumba ya Shannon huko Massachusetts, ilikuwa na transista 12 na ukubwa wa pakiti ya sigara. Kazi yake ilikuwa moja: kubashiri gololi ya mchezo wa kamari wa ruleti itatua katika kishimo kipi cha gurudumu linalozunguka. Hesabu zake zimesifiwa sana. Kinachonivutia mimi ni jinsi walivyogawa kazi kati ya mashine na miili ya watu wawili.

Kasino huruhusu dau kuwekwa hata gololi ikiwa tayari inazunguka. Mwanya ndio huo. Ukiijua kasi ya gololi na ya gurudumu, jibu unalikaribia. Lakini kasi ipimwe na nini? Kamera ya video ya miaka ile haifichiki mfukoni. Basi kipimo kikawa jicho la Shannon, na swichi ikakaa kiatuni, chini ya kidole gumba cha mguu. Gurudumu likipita alama anabonyeza, likirudi anabonyeza tena. Kisha gololi, vivyo hivyo. Mikono imetulia, kila mtu anaiona.

Mashine haikutaja namba. Vishimo 38 viligawanywa mafungu manane, kila fungu na noti yake ya muziki. Noti zilipigwa kwa mzunguko, zikasafiri kwa redio, kisha kwa waya, hadi spika ndogo sikioni mwa Thorp, aliyekaa mbali na gurudumu. Zikikatika, ile ya mwisho kusikika ndiyo fungu la kuwekea dau. Hapa ndipo ninapowavulia kofia: kosa la kishimo kimoja halikuharibu kitu, skrini haikuhitajika, na mchezeshaji akimshuku mshindi, atamkuta mtu ambaye hata gurudumu halitazami.

Majaribio ya nyumbani yaliwapa matumaini ya faida ya asilimia 44. Huko Las Vegas kwenye kasino, ubashiri ulifanya kazi. Kilichowashinda ni waya wa spika: mwembamba kama unywele, umepakwa rangi ifanane na ngozi, na ukikatika kila mara. Dau zao hazikuvuka senti kumi kumi. Siku moja mwanamke aliyekaa jirani na Thorp alimkodolea macho kwa hofu. Thorp akakimbilia msalani kujitazama kwenye kioo, akaiona spika imechungulia nje ya sikio kama mdudu.