Busutamu Iko Wapi? Raha za Karibu katika Utubora Mkulima

1.0 Utangulizi

Nianze kwa kuungama. Nilipokuwa mwaka wa pili niliandika insha ya semina juu ya riwaya ya Shaaban Robert, Utubora Mkulima, nikadai kwamba mhusika wake mkuu ni mkimbizi. Nilisema kwamba anayakimbia mapambano ya kitabaka yaliyoko mjini na kwenda kujificha shambani, na kwamba mwandishi anamsifia mtu anayetosheka badala ya mtu anayedai. Insha ile ilipata alama nzuri, nami nikavimba kichwa.

Likizo iliyofuata nilikwenda Pangani kwa bibi yangu mzaa mama. Macho yake yalikuwa hayasomi tena, akaniomba nimsomee kitabu chochote nilichonacho. Mkobani nilikuwa nacho hicho hicho. Basi kila jioni baada ya Alasiri tulikaa barazani, mimi nikisoma, yeye akichambua mchele na kusikiliza. Siku ya tatu nikampa na uhakiki wangu juu yake, kama msomi anavyopenda kufanya. Akanitazama. "Sasa huyu kakimbia nini, mwanangu? Mtu akiondoka anapotumwa akenda anapopapenda, ndiyo mwasema kakimbia?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta. Nitatetea hoja kwamba raha ndogo za karibu na nyumbani, zinazosifiwa katika riwaya hii, si pumziko nje ya siasa. Zenyewe ni dai. Lakini pia nitaonyesha mahali ambapo dai hilo linapwaya, kwa sababu bibi huyo huyo aliniondolea kiburi mara mbili.

2.0 Pangani Tunayofundishwa na Pangani Inayoishiwa

Pangani ya vitabu vyetu ni ya vita na biashara. Ni bandari iliyopokea misafara ya pembe za ndovu na watumwa katika karne ya 19. Ni mji wa Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888 na kunyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah wa Tanga alivitungia utenzi vita hivyo vya Wadachi. Mwanafunzi akiulizwa fasihi ya upande ule, hukimbilia utenzi huo, na si kosa. Tatizo ni kwamba tumezoea kudhani fasihi inaanza pale bunduki inapolia, na yanayobaki ni mapambo.

Hebu tuitazame Pangani inayoishiwa. Alfajiri mtu ananunua vitumbua na mbaazi za nazi, chai ina tangawizi. Mchana kuna samaki na muhogo wa nazi. Jioni wazee wanapanga kete za bao, muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake, na kashata haikosi. Maji ya mto yanakutana na ya bahari, yakijaa yanarudi juu, yakipwa yanafunua tope. Upepo ukibadilika kutoka kusi kwenda kaskazi, mtu mzima anaujua kwa ngozi kabla hajautaja. Hakuna hata kimoja hapa kinachohitaji safari. Ni vitu vya kufikiwa kwa miguu na kandambili.

Katika mji huu, kijana Shaaban Robert aliyezaliwa Vibambani, kusini ya Tanga, mwaka 1909, alifanya kazi ya ukarani wa Forodha. Utumishi wake katika idara hiyo ulianza mwaka 1926 na kuendelea hadi 1944, na Pangani ndiyo ilikuwa kituo chake kwa miaka mingi. Sidai kwamba Busutamu, kijiji anakokwenda Utubora, ni Pangani iliyobadilishwa jina. Uhakiki wa kutafuta kijiji cha kweli nyuma ya kijiji cha kubuni ni kazi ya mpelelezi. Ninachodai ni kwamba aliyeandika habari za karani anayeiacha ofisi alizijua ofisi, na alijua vilevile kilichokuwa nje ya dirisha lake.

3.0 Majina Yanavyosema

Inajulikana kwamba majina ya Shaaban Robert hayafichi kitu. Tumelilalamikia jambo hilo mpaka tumechoka: mhusika akiitwa Utubora, msomaji ameshaambiwa kila kitu ukurasa wa kwanza. Nakubali kwamba ni udhaifu wa fani, kwani mhusika wa namna hii hatushangazi. Lakini tuyafuate majina ya mahali, tutaona jambo jingine.

Katika Kusadikika (1951) nchi iko angani, na jina lake linatokana na kusadiki. Katika Kufikirika, iliyotoka mwaka 1967 mwandishi akiwa amekwisha kufariki, jina linatokana na kufikiri. Nchi zote mbili ni za kichwani, na ndiko mwandishi alikoweka hoja zake juu ya sheria, watawala na elimu. Tukifika katika Utubora Mkulima (1968) tunakuta Busutamu. Jina hili halitoki kichwani, linatoka mdomoni! Ni jina la midomo na ladha. Mwandishi aliyekuwa akijenga nchi kwa imani na fikra, safari hii ameijenga kwa utamu. Na si nchi nzima, ni kijiji. Wala hakiko hewani, kiko pale mtu anapoweza kukita jembe.

Hilo si jambo dogo. Tumezoea kusema Shaaban Robert ni mwandishi wa adili, na adili tunalielewa kama orodha ya makatazo. Kumbe ndani ya adili lake amelipa utamu nafasi. Mtu mwema wa riwaya hii hatakiwi tu avumilie. Anatakiwa pia afurahie.

4.0 Je, Utubora ni Mkimbizi?

Sasa nirudi kwenye swali la bibi. Utubora ni karani mwenye kazi na mshahara mjini, naye anaviacha aende kulima. Riwaya ilichapishwa mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na kwa hiyo ilikuwa rahisi kuisoma kama wito wa kurudi mashambani. Lakini mwandishi alifariki mwaka 1962, miaka mitano kabla ya Azimio. Hakuwa akiwahimiza wananchi wa ujamaa. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni akimwandikia mtumishi mwenzake.

Na mtumishi huyo alikuwa nani? Alikuwa mtu wa kuhamishwa. Karani Mwafrika aliajiriwa kwa barua na akahamishwa kwa barua. Leo yuko forodhani anasikia harufu ya chumvi, mwezi ujao yuko bara. Shaaban Robert mwenyewe, baada ya Forodha, alifanya kazi katika idara iliyoshughulikia wanyama, akakaa Mpwapwa, mbali kabisa na bahari. Kisha ofisi ya serikali Tanga. Kisha idara ya kupima ardhi mpaka mwaka 1960 hivi. Zaidi ya miaka 30 aliitumikia meza ya mtu mwingine. Hakuiacha kama Utubora alivyoiacha.

Hapo ndipo insha yangu ya mwaka wa pili inapoanguka. Niliichukua riwaya kama ushauri: acheni mapambano, nendeni mkalime. Nikiisoma sasa naona kwamba ni tamaa ya mtu aliyefungwa na saa za kazi. Kwa mtu ambaye ratiba ya siku yake, mahali pa kulala pake na hata umbali wake kutoka kwa watoto wake vinaamuliwa na mwajiri, kusema "nitakaa hapa, nitakula nilichopanda, jioni nitapumzika mlangoni pangu" ni kusema jambo zito. Ni kukataa kuwa mali ya ofisi. Ukoloni haukuchukua ardhi na kodi peke yake, ulichukua na jioni za watu. Utubora anadai jioni yake. Kwa maana hiyo bibi alikuwa na haki: aliyekuwa ametumwa ameacha kutumwa. Kwa nini tumwite mkimbizi?

5.0 Utubora na Kazimoto

Ili hoja isibaki hewani, tumlinganishe Utubora na Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Wote wawili wamesoma, wote wawili wanakwenda kijijini. Mmoja anakuta maisha, mwingine mwisho wake anajiua. Kati ya riwaya hizi kuna miaka sita tu ya uchapaji, lakini ni kama karne.

Vijana wengi wa vyuoni tunamwona Kazimoto kuwa ndugu yetu na Utubora kuwa mjomba anayehubiri. Mimi pia nilikuwa hivyo. Kazimoto anauliza maswali tunayouliza, na Kezilahabi hatudanganyi kwamba kijiji ni pepo. Lakini kuna jambo moja ambalo tumelipitia haraka. Kazimoto hakosi vitu. Anakosa uwezo wa kuvifurahia. Elimu imempa jicho la kuchambua na imemnyang'anya ulimi wa kuonja. Anakuwa nyumbani akikutazama kama mgeni. Kezilahabi ameueleza ugonjwa huo kwa ustadi mkubwa kuliko Shaaban Robert alivyoeleza afya. Hilo nakiri. Shaaban Robert mara nyingi anatuambia kwamba jambo ni tamu, wakati sisi tulitaka tulionje wenyewe. Methali inafika kabla ya harufu ya udongo.

Hata hivyo, ubora wa fani si ushahidi kwamba Kazimoto ndiye mwenye ukweli wote. Tukisoma riwaya hizi mbili kwa pamoja, ile ya pili inatuonyesha ni nini hasa kinapotea mtu anapokosa kile ambacho ya kwanza inakitetea.

6.0 Raha ya Nani?

Nilipofika hapo nilifurahi sana. Jioni moja nikamhutubia bibi juu ya utamu wa mambo madogo: upepo huu, mbaazi zile za asubuhi, ukimya huu. Nikasema haya hayahitaji fedha. Akacheka. "Mbaazi hizo unazozisifu zilikesha motoni, nami nilikesha nazo. Kuni nilinunua."

Basi tuseme wazi. Raha ya karibu huonekana haina gharama kwa sababu aliyeilipia yuko jikoni. Tunaposifu kahawa ya barazani tunasifu nafasi ambayo zamani ilikuwa ya wanaume zaidi. Nazi iliyoingia kwenye mbaazi ilikunwa na mtu aliyekuwa ameketi kwenye mbuzi wakati wengine wamelala. Mhakiki anayezungumzia kutosheka bila kuuliza kazi hii inafanywa na nani anaandika uhakiki wa nusu nyumba. Jina la riwaya linampa mkulima heshima. Tunahitaji pia riwaya ambayo jina lake litampa heshima hiyo mpishi.

Kuna na wengine. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 iliyosalimika ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalikua mashamba yaliyojaza mkoa wa Tanga, na mashamba yalihitaji manamba waliotolewa mbali: Waha, Wabena, Warundi na wengineo. SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kukusanya vibarua hao, iliundwa mwaka 1944, mwaka ule ule ambao Shaaban Robert aliiacha Forodha. Manamba naye alishika jembe na panga kila siku, lakini hakuna aliyemwita Utubora. Alifanya kazi ya shamba mbali na kwao. Kwa hiyo si kilimo kinacholeta utamu wa Busutamu. Ni kilimo cha mtu aliyejichagulia mahali. Riwaya inaielewa nusu ya jambo hili, yaani nusu ya karani. Nusu ya kibarua wa mkonge inabaki nje ya ua.

Je, upungufu huu unaiangusha hoja yangu? Naona unaikaza. Kama raha ndogo za karibu zingekuwa bure na za kila mtu, kusingekuwa na haja ya kuziandikia riwaya. Kwa kuwa karani alihamishwa, kibarua aliletwa na mpishi hakuketi, raha hizo ni kitu ambacho watu wamenyimwa kwa vipimo tofauti. Kinachonyimwa kinadaiwa.

7.0 Hitimisho

Mbele ya mlango wa mto Pangani, baharini, kuna Maziwe. Wazee wanakikumbuka kikiwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wakipanda kutaga. Miti ilikwisha, bahari ikala ardhi, na sasa ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa halionekani. Mtu asiyefurahia kilicho karibu naye hana hata sababu ya kuhesabu kinapopungua. Nadhani hiyo ni sababu nyingine ya kuchukua furaha hizi kwa uzito katika uhakiki wetu: mtu hulinda anachokionja.

Sijaifuta insha yangu ya mwaka wa pili. Ningeiandika upya, ningebakiza malalamiko juu ya majina na mahubiri, ningeondoa neno "mkimbizi", na ningeongeza sehemu ya mpishi na ya manamba. Wenzangu wenye kuamini kwamba Utubora ni mtu aliyeshindwa wanijibu katika kurasa hizi; nitafurahi kubishana nao.

Tulipomaliza kitabu, nilimwuliza bibi kama kimempendeza. Akasema kimempendeza, ila huyo bwana hakusema mbaazi anazipika vipi. Kesho yake niliamka alfajiri nikakuna nazi mimi. Ilinichukua muda mrefu, na mbaazi zilikuwa na chumvi nyingi. Tulikula zote.